Bendera Iliyosimama Katikati

Tarehe tano Machi. Mvua ilinyesha alfajiri, si kubwa, ikakoma kabla ya jua kutoka, na ziwa lilikuwa limefunikwa na ukungu hata kisiwa cha Bumbire hakikuonekana. Hayo nina hakika nayo kwa sababu niliyaandika siku ileile. Mengine nayaandika sasa kwa kukumbuka, na mtu aliyesoma kwa masista mpaka kujua katekisimu na kujumlisha hesabu ndogo asiaminiwe sana anapoandika mambo ya wakubwa. Nililoliona nitasema niliona. Nililoambiwa nitasema niliambiwa. Majina siandiki, maana watoto wao wapo, na wengine tunasalimiana kanisani.

Wakati ule ulikuwa wa Mwingereza, kabla ya vita ya pili. Nchi yetu upande wa Muleba ilikuwa ndogo, mwenye miguu mizuri angetoka asubuhi akaivuka kabla ya giza, lakini ilikuwa na Mukama wake, ndiye mtawala, na Katikiro wa kumsemea Mukama, na baraza lake na ngoma zake. Juu ya kilima, mbele ya kikale, ndiyo nyumba ya Mukama, serikali ilisimika mlingoti wa bendera ya Mwingereza. Mume wangu alikuwa tarishi wa bendera hiyo. Aliipandisha asubuhi, akaishusha jioni, akaikunja na kuifungia sandukuni. Mshahara wake ulitoka serikalini. Lakini tulilala na kula kwenye kibanja cha nyarubanja: migomba na mibuni tuliipanda sisi kwa mikono yetu, ila ardhi yenyewe ilikuwa ya ukoo wa Mukama, nasi tulikaa kwa ridhaa yao. Baba mkwe alizikwa pale nyuma ya nyumba, na mtoto wetu wa kwanza tulimzika karibu naye.

Kwa hiyo mume wangu alikuwa na mabwana wawili, mmoja wa mshahara na mmoja wa kibanja. Miaka mingi mabwana hao hawakugombana, naye aliwasalimia wote kwa adabu.

Asubuhi ile nilikuwa napanda maharage chini ya migomba, maana udongo ulikuwa umelowa vizuri kwa mara ya kwanza. Mume wangu alikuwa amekwisha kupandisha bendera, amerudi kula kiporo. Akaja tarishi mwingine kutoka boma la Bukoba, kwa Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, juu ya baiskeli, matope mpaka magotini. Mama mkwe akamkaribisha, akampa kahawa ya kutafuna kama tunavyompa kila mgeni. Akazishika zile buni mkononi, hakuzitia mdomoni.

"Bwana Shauri anasema bendera ishushwe mpaka katikati, isimame hapo," akamwambia mume wangu.

"Katikati ya nini?"

"Ya mlingoti."

"Sasa hiyo itakuwa imepanda au imeshuka?"

"Imesimama. Hata mimi niliuliza hivyohivyo, mwenzangu. Wao mtu mkubwa akifa ndivyo wanavyomlilia."

Neno lilikuwa limekwisha kutoka. Mama mkwe akaweka kikapu chini. "Nani amekufa?"

Tarishi akaziangalia buni zake. "Mimi nimetumwa bendera tu, mae, mama yangu. Kufa sikutumwa."

Mukama alikuwa mgonjwa tangu Krismasi. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema. Jana yake gari la daktari wa serikali lilionekana likipanda kilima, kisha likashuka, na baada ya hapo hakuna mtu aliyetoka kikale wala kuingia. Kwetu kifo cha Mukama hakisemwi na yeyote mpaka Katikiro akiseme, na Katikiro hakisemi mpaka wenyewe wamekwisha kukubaliana atakayekaa mahali pake. Tena kuna jambo la jembe. Kifo kikishatangazwa, hakuna mtu wa kushika jembe katika nchi nzima mpaka Mukama mpya aruhusu. Ukilima siku hizo ni kana kwamba unachimba juu ya kifua cha marehemu. Sasa fikiria mvua ya Machi ndiyo kwanza imeingia, mbegu ziko kwenye vikapu. Niliambiwa baadaye kwamba Katikiro alificha makusudi ili watu wapande maharage kwanza. Sijui kama ni kweli. Ikiwa ni kweli, alitufikiria, na sina budi kumpa haki yake.

Mume wangu alipanda mpaka lango la kikale kuuliza. Alirudi akitembea polepole.

"Mlinzi anasema Mukama amepumzika."

"Amepumzika vipi?"

"Sikuuliza. Wewe ungeuliza?"

Akasema Katikiro yuko ndani na hapokei mtu. Akakaa juu ya kinu. Nikaona anapima, na nilichokiona kinapimwa ni hiki: akikataa amri ya Bwana Shauri atafukuzwa kazi, labda na kufungwa; akiitii, kibanja chetu kiko mikononi mwa Katikiro. Yule wa baiskeli alisimama mlangoni akimsubiri, kwa sababu ameambiwa asirudi kabla hajaona kwa macho yake.

"Katikiro hajasema kitu," mume wangu alisema mwishoni. "Bwana Shauri amesema. Nitamtii aliyesema."

Mpaka leo sijapata jibu bora kuliko hilo, na nimelitafuta.

Kutoka kibanjani kwetu mlingoti ulionekana wote. Niliiona bendera ikishuka, ikafika katikati, ikasimama. Mama mkwe alikuja akasimama kando yangu, mkono juu ya macho.

"Ya Mjerumani niliiona ikishuka," alisema. "Haikusimama njiani. Ilishuka yote, wakaondoka nayo. Hii inangoja nini?"

"Wanasema ni heshima, mae."

"Heshima gani ya kuvua nguo nusu? Wanatafuta nyingine ya kupandisha. Tutauzwa tena."

Hakuwa peke yake. Wapo walioiona wakadhani Mwingereza anaondoka, wengine wakasema nchi yetu inaunganishwa na ya jirani. Lakini wengi walielewa, kwa sababu yule tarishi alikuwa amepita njia nzima na baiskeli yake, na mtu akisimamishwa na kuulizwa habari husema. Kabla ya mchana majembe yalikuwa chini mteremko mzima. Wanawake walikaa kwenye matuta yao wakalia, kwanza kwa sauti ndogo. Jirani yangu, mjane aliyempenda marehemu kwa sababu alimwamulia kesi yake ya mibuni kwa haki, alinyoa nywele zote za kichwa siku ileile, kama inavyotakiwa mtu akifiwa na mkubwa wake.

Jioni wakaja watu wa Katikiro wakipita kibanja kwa kibanja.

"Mukama ni mzima," walisema. "Nani aliyewaambia muweke majembe chini? Mnamwombea kifo?"

Hakuna aliyetaja bendera. Waliwainua wanawake wakarudi kulima, wengine bado machozi yanawatoka, na maharage ya siku ile yalipandwa hovyo, mengine yakarundikana shimo moja. Mimi nililima nao. Mjane hakuweza kurudisha nywele zake. Alijifunga kitambaa, lakini mmoja wa watu wale alikivuta, na mjane akatozwa mbuzi kwa kumlilia Mukama aliye hai. Siku chache baadaye ngoma zilipigwa, kifo kikatangazwa, majembe yakawekwa chini kwa haki. Wakati huo kila mwanamke alinyoa, na mjane akawa na nywele fupi kuliko zote, lakini mbuzi hakurudishwa. Aliuliza. Aliambiwa siku ile Mukama alikuwa mzima.

Msiba ulipokwisha na Mukama mpya kukalishwa, Bwana Shauri alikuja na gari kutoka Bukoba, pamoja na mkalimani wake, Mwislamu wa mjini ambaye babu yake alitoka pwani, mtu mpole mwenye kanzu safi. Baraza letu halikuwa na kuta, kwa hiyo sisi wanawake tulikaa kwenye majani nje tukasikia yote. Mume wangu alisimamishwa karibu na mlingoti. Bendera ilikuwa juu kabisa siku ile.

Katikiro alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ndogo. Hakuanza na mume wangu. Alianza na Bwana Shauri.

"Mfalme wenu akifa," aliuliza, "mimi nikapiga ngoma huku kabla mwanawe hajaambiwa, mtasemaje?"

Mkalimani akafasiri. Bwana Shauri akafikiri. "Tutasikitika."

"Mtanifunga."

Watu walicheka, na Bwana Shauri hakukasirika. Alisema alimfahamu marehemu, walikunywa chai pamoja, na alipopata habari kwa daktari alitaka kumfanyia heshima ambayo kwao hufanyiwa wakubwa tu. Hakujua kwamba bado inafichwa. Nilimwangalia usoni, na kwa kadiri ninavyoweza kumsoma Mzungu, naamini alisema kweli.

"Heshima ya mtu nyumbani kwake unawauliza kwanza wenye nyumba," alisema Katikiro. "Wewe umewatangazia watu wangu msiba wangu. Kesho utawatangazia nani atatawala. Sasa nauliza. Mlingoti huu ni wa nani?"

"Wa serikali. Na bendera ni ya Mfalme."

"Na ardhi uliposimama?"

"Ya Mukama."

"Na shimo?"

Hapo hata mkalimani alishindwa kujizuia, akacheka kabla hajafasiri. Lakini Katikiro hakuwa anatania. Alitaka mambo matatu: serikali ikiri kosa mbele ya watu, mlingoti utolewe mbele ya kikale upelekwe kando ya barabara, na tarishi aliyemshusha Mukama mbele ya nchi nzima ahukumiwe kwa mila. Alisema hivyo, "aliyemshusha Mukama." Nikasikia mama mkwe anavuta pumzi.

Bwana Shauri alisema bendera haiwezi kuhamishwa kwa kufukuzwa, maana nchi nyingine zitauliza kwa nini zao zisihamishwe. Akasema pia kwamba mtu aliyetii amri ya serikali hawezi kuhukumiwa kwa kuitii. "Kama kuna kosa ni langu," alisema. Nilimpenda kwa neno hilo.

"Basi nikuhukumu wewe?" Katikiro aliuliza.

"Waitu," mzee mmoja wa baraza alimdakia Katikiro kwa heshima, "huyu hatutamweza, atatumalizia maziwa gerezani."

Walicheka tena. Waliendelea hivyo mpaka jua likawa kali, kisha Katikiro na Bwana Shauri wakaingia nyumbani kwa Katikiro, wao wawili na mkalimani, wakanywa chai. Mume wangu alibaki amesimama. Nilimpelekea maji, askari akaniruhusu. Akaniuliza, "Unaonaje?" Nikamwambia naona wanaelewana. Akasema, "Hiyo ni nzuri au mbaya?"

Walipotoka walikuwa na nyuso nyepesi. Mkalimani alisoma walivyokubaliana, kwa Kiswahili, kisha mzee mmoja akakariri kwa Kihaya. Mlingoti unabaki, na bendera inabaki juu yake, nayo ni ya Mfalme wa Uingereza bila ubishi. Lakini haitashushwa tena kwa jambo lolote la nyumba ya Mukama mpaka Katikiro atume neno. Tarishi hatahukumiwa barazani, kwa kuwa ni mtu wa serikali. Na serikali, kwa upande wake, haitaingilia mambo ya ardhi ya ukoo wa Mukama, ambayo ni ya mila na yataamuliwa na wenyewe.

Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga. Mume wangu alipiga pia, pale chini ya mlingoti, kwa sababu hatafungwa wala kuchapwa. Nchi yetu ndogo ilikuwa imekaa meza moja na Mwingereza na haikutoka mikono mitupu. Wazee waliliongea jambo hilo kwa furaha msimu mzima, na sidhani walikosea kufurahi.

Maharage yalikuwa yametoa maua alipokuja mukungu, mkubwa wa kijiji chetu. Alikuwa rafiki wa baba mkwe. Alikaa, akatafuna kahawa, akauliza habari za mama mkwe na mgongo wake, akasifu migomba. Kisha akasema Mukama mpya ana ndugu ambaye hana mahali, na ukoo umeona kibanja chetu kinamfaa.

"Ni kwa ajili ya bendera," mume wangu alisema.

"Hilo mimi sikuambiwa."

"Lakini unajua."

"Mwanangu, mimi nimeambiwa kwamba mnaweza kuvuna maharage. Nimeomba muvune pia na kahawa, wamekataa kahawa."

Alisema kweli kwamba aliomba, kwa sababu mkewe aliniambia. Na ni kweli pia kwamba kwa mila walikuwa na uwezo huo. Vibanja vya namna ile vilichukuliwa hata kabla bendera yoyote haijaja, na wapo waliochukuliwa vyao bila kosa lolote, bila kupewa hata maharage. Najiambia hivyo ili nisiseme kwamba tulionewa kuliko watu wote.

Mume wangu alikwenda Bukoba kwa miguu kumwona Bwana Shauri. Haya niliambiwa naye, na hakuwa mtu wa kuongeza. Alipokelewa vizuri. Aliambiwa akae kwenye kiti. Alipomaliza kueleza, Bwana Shauri aliangalia dirishani, akasema kupitia mkalimani kwamba amesikitika sana, lakini hilo ni jambo la ardhi, na kuhusu ardhi ametoa neno lake mbele ya watu. Akilivunja sasa, Katikiro atakuwa na haki ya kuvunja lake.

"Nikamwambia, bwana, ulisema kosa ni lako," mume wangu alinisimulia.

"Akasemaje?"

"Akasema ndiyo. Akasema anakumbuka."

Kisha akampa kazi ya bendera ya boma la Bukoba, mshahara ukiwa juu kidogo. Mkalimani alimsindikiza nje, akamwambia ana chumba cha nyuma huko Ijuganyondo, kuna na kipande cha kulima mboga, atatupangisha mpaka tupate pengine. Akamwambia, "Pole, ndugu yangu. Mimi ndiye niliyelisoma lile neno la ardhi. Nilidhani ni la mpaka na majirani." Hakuwa na lazima ya kusema hivyo.

Tulivuna maharage. Yalikuwa mabaya, yale yaliyorundikana shimo moja yalikuwa majani matupu. Mama mkwe alikataa kuondoka. Alisema mumewe na mjukuu wake hawawezi kuachwa na wageni. Yule ndugu wa Mukama alipokuja kukipokea kibanja nilitegemea kumchukia. Alikuwa kijana mwenye haya, alisalimia vizuri, akasema bibi anaweza kubaki kwenye kijumba cha jikoni karibu na makaburi, ila asidai mkungu wala mbuni. Mama mkwe akamshukuru. Alimpigia magoti, mwanamke wa umri ule, kwenye uwanja aliofagia tangu alipoolewa, na kijana akageuza uso pembeni. Mume wangu aliona. Alikwenda nyuma ya nyumba akakaa huko muda mrefu, nami sikumfuata, sikujua kama anataka nimfuate.

Sisi na watoto tulipanda lori la kahawa mpaka Bukoba, vyombo na mikeka juu ya magunia. Mvua ilikuwa imekwisha, vumbi lilianza. Tulipita kilima cha kikale. Tarishi mpya alikuwa bado mgeni na kazi, kamba ilikuwa imemkwamia, na bendera ilisimama chini kidogo ya ncha, haijafika. Dereva alicheka akauliza nani amekufa tena. Hakutufahamu sisi ni nani. Mume wangu alimwambia hakuna, kamba ile inahitaji kulowekwa, ikikauka inanasa.

Chumba cha Ijuganyondo kilikuwa na mlango mzuri na dirisha moja. Mke wa mkalimani alitufagilia kabla hatujafika, akaniletea moto kwenye kigae na maneno ya kunikaribisha mengi kuliko nilivyoweza kujibu. Nilipanga vyombo. Mume wangu alikwenda bomani kuonyeshwa mlingoti wake, akarudi akasema ni mrefu kuliko wa kwetu. Nikamwuliza kama kutoka pale mtu anaweza kuona upande wa Muleba. Akasema hakutazama.

Ndizi hatukuwa nazo, na sokoni zilikuwa zimekwisha. Jioni ile tulikula ugali wa muhogo na furu wakavu, samaki wadogo wa ziwani, waliochemshwa na nyanya. Watoto waliuliza chakula chenyewe kiko wapi, kwa maana kwetu ugali hauhesabiwi. Mume wangu alikula kidogo, akasema chumvi imezidi. Nilionja tena. Sikuona kama imezidi, lakini huenda ulimi wangu ndio uliokosea.